Shujaa mwenye sauti ya radi asiye na la kusema

Kila shule zinapofunguliwa baada ya likizo, walimu wa huku Njiru na mitaa jirani ya Kayole, Saika na Mwiki huwa na lalama moja: kwamba michezo ya video imewala watoto. Ati mwanafunzi aliyeondoka na hamu ya kusoma hurudi na macho mekundu, vidole vyepesi na kichwa kizito. Mzazi naye hudakia kwamba kibanda kilichoko karibu na steji ya matatu ndicho kilichomnyang'anya mwanawe. Dawa inayopendekezwa huwa ni ile ile: kufunga, kunyang'anya, kuchapa. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na nimeishi Njiru tangu wakati ambapo sehemu kubwa ya mtaa huu ilikuwa machimbo ya mawe na mashamba makavu kando ya Barabara ya Kangundo. Lalama hizo nazijua, na baadhi yake nazikubali. Lakini ni nani kati yetu sisi walimu amewahi kuuketia mmojawapo wa michezo hiyo kama anavyokiketia kitabu cha fasihi kilichoteuliwa na wizara, akauliza unasema nini na unanyamazia nini?

Kwanza tutenganishe pumba na mchele. Vibanda tunavyovilaani aghalabu huuza mpira. Ukiingia humo utawakuta vijana wawili wawili wakizichezesha timu za Uingereza na Uhispania kwenye runinga, wenzao wakingoja zamu ukutani, kwa kuwa mwenye kibanda hutoza kwa mechi. Biashara ya namna hiyo haiwezi kubeba hadithi ndefu. Mchezo unaotaka saa mia moja, ambao mchezaji huihifadhi safari yake leo ili aiendeleze kesho, hauna nafasi mahali ambapo mtu hudaiwa sarafu nyingine kila baada ya dakika chache. Kwa hivyo michezo ya majoka na mazimwi, ile ambayo mchezaji huvaa uhusika wa mtu mwingine katika nchi ya kubuni, huchezwa zaidi nyumbani, faraghani, na mtoto aliyebahatika kununuliwa mashine kuukuu. Ndiyo sababu mwalimu haioni.

Mmojawapo wa michezo hiyo, na pengine ulio mashuhuri kuliko yote, ni The Elder Scrolls V: Skyrim. Ulitolewa na kampuni ya Bethesda ya Marekani tarehe 11 Novemba 2011. Tangu hapo umetolewa upya mara kadhaa kwa ajili ya mashine zilizofuata, na mnamo mwaka 2023 mkurugenzi wake, Todd Howard, alisema kuwa nakala zaidi ya milioni 60 zilikuwa zimeuzwa. Ni riwaya ngapi duniani zilizopata kufikia idadi hiyo? Mpwa wangu, aliyemaliza kidato cha nne na kuja kukaa kwangu akisubiri kujiunga na chuo, alikuwa nao kwenye mashine iliyokwisha kupitia mikononi mwa watu watatu. Likizo ya Agosti niliketi kando yake jioni baada ya jioni, daftari mkononi, kila stima iliporuhusu. Siku nyingine nilicheza mwenyewe, naye akawa mwalimu.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kusimulia. Skyrim ni jimbo la baridi na milima, kaskazini mwa bara la kubuni liitwalo Tamriel. Mfalme mkuu ameuawa, nchi imepasuka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na majoka yaliyodhaniwa kuwa yalikwisha zamani yamerejea. Mchezaji huanza akiwa mfungwa kwenye mkokoteni, mikono imefungwa, akipelekwa kukatwa kichwa. Joka linashuka, ghasia zinazuka, naye anaponea chupuchupu. Hatimaye anagundua kwamba yeye ana roho ya joka, na kwamba akitamka maneno fulani ya lugha ya majoka, sauti yake peke yake inaweza kumrusha adui kutoka kilimani.

Uzuri wa kwanza wa mchezo huu ni ardhi yake. Ukiuona mlima kwa mbali, waweza kuufikia kwa miguu. Njiani utapita mto, kinu, kaburi la kale, mwindaji anayeota moto. Hakuna anayekusukuma, na hakuna kengele. Kwa mtoto wa mtaa ambao kiwanja chake cha mwisho kimezungushwa mabati, uhuru wa kutembea tu bila kuulizwa unakwenda wapi si jambo dogo. (Wenyeji wa Skyrim hujigamba kuwa mlima wao mkuu una ngazi 7,000. Wachezaji wenye subira waliozihesabu walipata hazifiki hata 1,000. Hata katika nchi za kubuni, wasifiaji wa kwao hutia chumvi.)

Uzuri wa pili ndio ulionipendeza zaidi kama mwalimu. Mhusika ana stadi 18, na hakuna anayemzawadia ustadi kwa kuwa tu amelishinda zimwi. Atakaye kuwa hodari wa upinde sharti alenge shabaha. Atakaye uhunzi sharti afue chuma. Atakaye kutengeneza dawa sharti aonje mizizi na majani, nyingine zimdhuru, hadi ajue kila kimoja kina nguvu gani. Mtu huwa kile anachokitenda kila siku. Isitoshe, humo ndani mna vitabu, mamia ya vitabu, vilivyolala juu ya meza na ndani ya makasha: historia, mafumbo, visa vya mapenzi, hata miongozo ya upishi. Mpwa wangu, ambaye katika miaka minne ya shule ya upili sikumwona akifungua kitabu asichotahiniwa, alisimama katikati ya pango lenye wafu waliofufuka akasoma hekaya nzima hadi mwisho. Sikumkatiza.

Lakini hapo hapo ndipo ufa unapoanza kuonekana. Mchezo ulipotolewa, kufua kisu duni cha chuma kulimwongezea mhusika ustadi sawasawa na kufua deraya ya thamani. Wachezaji waligundua siri hiyo upesi. Wakasimama mbele ya tanuri wakafua visu mia, mia mbili, mia tatu, visu ambavyo hawakuvihitaji, hata wakawa mafundi wakuu bila kutengeneza kitu cha maana. Kasoro hiyo ilirekebishwa mwaka 2012, thamani ya kazi ikaanza kuhesabiwa. Nilipoelezwa kisa hiki nilicheka peke yangu, kisha nikanyamaza. Nani asiyewajua watahiniwa wetu waliofua visu? Karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, moja baada ya nyingine, majibu yaleyale, hadi alama ya A ikapatikana, na lugha yenyewe hawakuigusa. Tofauti ni kwamba sisi walimu ndio tulio wenye tanuri.

Kuna na kichekesho kingine. Katika mchezo huu mna chuo cha uchawi, na mchezaji anaweza kuwa mkuu wa chuo hicho baada ya kukamilisha visa vichache, hata kama karibu kazi yote ameifanya kwa upanga na tahajia anazozijua ni za kuhesabika kwa vidole. Hakuna mwalimu anayemhoji, wala mwanafunzi anayeshangaa. Katika nchi kama yetu, ambamo vyeti ghushi vimekuwa vikifichuliwa hadi katika ofisi za umma, sehemu hii huenda isionekane kuwa ya kubuni hata kidogo.

Kuhusu hitilafu za kiufundi sitapoteza wino. Inajulikana kwamba katika PlayStation 3 mchezo ulikuwa ukilegea kadiri kumbukumbu ya safari ilivyozidi kunenepa, na kampuni ilihangaika kwa miezi kuutibu. Mambo hayo hutokea. Kasoro yangu mimi ni nyingine, nayo iko katika kile kile kinachoupa mchezo huu fahari yake, yaani sauti.

Waliouunda waliipa lugha ya majoka hadhi kubwa. Waliibunia msamiati na sarufi, wakaichorea abjadi ya herufi 34 zinazofanana na mikwaruzo ya kucha. Mtunzi wa muziki, Jeremy Soule, aliitungia wimbo ulioimbwa na kwaya ya watu takriban 30, wakarekodiwa mara tatu ili wasikike kama 90. Katika hadithi yenyewe, majoka mawili yanapotemeana moto huwa yanabishana. Moto ni hoja. Mpenzi wa ushairi wa Kiswahili hatalishangaa wazo hilo. Enzi za Muyaka bin Haji, mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa na majirani zake walirushiana beti sambamba na mishale, na wakati mwingine ubeti ndio uliouma zaidi. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba shujaa wa Skyrim ni mtu wa maneno, nilisogeza kiti karibu.

Hapa naomba niseme jambo moja kandoni. Mchezo huu ulitolewa kwa Kijapani, Kirusi, Kipolishi, na hata Kicheki, lugha ya watu takriban milioni 10. Majoka, ambayo hayapo, yalitungiwa lugha. Kiswahili, ambacho Umoja wa Mataifa unasema wasemaji wake wamepita milioni 200, hakimo. Si kwamba michezo ya video haijawahi kukisikia. Mwaka 2005 Mmarekani Christopher Tin aliitungia Sala ya Bwana muziki kwa Kiswahili, wimbo uitwao "Baba Yetu", kwa ajili ya mchezo wa Civilization IV. Na mwaka 2011, miezi kadhaa kabla ya Skyrim kutoka, wimbo huo ukawa muziki wa kwanza wa mchezo wa video kupata tuzo ya Grammy. Kwa hiyo tumekaribishwa kuimba mlangoni. Ndani, wanaozungumza ni wengine.

Turudi kwa shujaa wetu na sauti yake. Anaitumia kufanya nini? Kupiga kelele. Kwa kelele hutema moto, huangusha watu, hugandisha maadui, hukimbia kama upepo. Lakini mwenye kutaka kushawishi, kutetea au kushitaki atapata kidogo mno. Upo ustadi wa kusema miongoni mwa zile stadi 18, nao hupanda zaidi kwa kuuza na kununua! Mchezaji akitaka kuwa msemaji hodari, na awauzie wachuuzi panga na ngozi za mbwamwitu kutwa kucha. Ndio ufasaha wa Gikomba, ambao siudharau, ila si ufasaha wote.

Jambo hili linaonekana waziwazi katika mji wa Windhelm, ambao kwangu ndio uliochorwa kwa ustadi kuliko yote. Mtawala wake, yaani jarl, ni Ulfric, kiongozi wa waasi, aliyemuua mfalme mkuu kwa sauti ile ile ya majoka kabla ya kummalizia kwa upanga. Anadai anapigania uhuru wa watu wake. Katika mji huo huo wanaishi Wadunmer, wenye ngozi ya rangi ya majivu, wakimbizi ambao nchi yao iliharibiwa na volkeno. Wametengewa mtaa mmoja mchafu na mwembamba. Mara ya kwanza unapoingia langoni, unawakuta wanaume wawili wakimtisha mwanamke wa Kidunmer na kumshuku kuwa jasusi. Waargonia, watu wenye magamba kama kenge, hawaruhusiwi kuingia ndani ya kuta kabisa. Wanapakua shehena za meli gatini, na gatini ndiko wanakolala, katika baridi inayogandisha mto.

Msomaji wa Eastlands ahitaji kuelezwa mji wa namna hiyo? Pumwani, Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni na Makongeni ni mitaa iliyotokana na serikali ya kikoloni kupanga kila rangi ikae upande wake: Mzungu vilimani magharibi, Mhindi Parklands na Ngara, Mwafrika mashariki, kipande kikining'inia shingoni ndani ya kikopo. Babu zetu walijenga mji mchana wakatakiwa kuondoka katika sehemu zake njema usiku. Njiru yenyewe ni mtoto wa baadaye wa mwelekeo huo. Mji uliendelea kuwasukuma wafanyakazi wake mashariki hata baada ya bendera kubadilika. Kwa hivyo nilipofika Windhelm nilitega masikio. Sasa, nikasema moyoni, mwenye sauti ya radi atasema.

Hakusema. Unaweza kumwua joka mla-dunia, ukanunua nyumba katika mji huo, ukapewa cheo cha heshima na jarl mwenyewe. Hutapewa sentensi hata moja ya kumwuliza kwa nini wanaopakua chakula chake hawaruhusiwi kupita langoni. Ipo kazi moja ndogo: waweza kumwendea tajiri mmoja anayewaajiri Waargonia na kumtaka awalipe ujira wa haki. Unachagua sentensi, anakubali, kazi inafutwa kwenye orodha. Usiku ukifika, wako pale pale gatini. Na ukichagua upande wa pili wa vita, Ulfric akang'olewa na mtu mwenye huruma akawekwa mahali pake, huyo naye ataongea vizuri, na ukishuka gatini utawakuta hawajasogea hatua.

Mpwa wangu alinitetea mchezo wake. "Mjomba," aliniambia, "huu ni mchezo tu. Haungeweza kuandika jibu la kila swali lako." Ni hoja ya haki, nami nakiri kwamba hakuna mwandishi anayewajibika kwa kila mlango ambao hakuufungua. Lakini waliouandika mchezo huu waliufungua mlango huo wao wenyewe. Waliweka ubaguzi pale makusudi, wakaupa sura, sauti na harufu, wakatufanya tuuone kuwa ni mwovu. Kisha wakatukabidhi shujaa aliyepewa kila silaha isipokuwa ile inayohitajika hapo.

Fasihi yetu ina mashujaa wa aina nyingine. Fumo Liongo alikuwa na nguvu za kutisha, lakini alipotiwa gerezani hakubomoa ukuta kwa kifua. Alitunga wimbo uliompelekea mamaye ujumbe wa siri, akaletewa tupa ndani ya mkate wa wishwa, na kelele za ngoma zikafunika mlio wa tupa ikikata pingu. Naye Karama, katika Kusadikika ya Shaaban Robert iliyochapishwa mwaka 1951, hana hata kisu. Ameshtakiwa kwa kueneza maarifa ya sheria katika nchi inayoelea angani, na mshitaki wake ni waziri. Kwa siku 6 anasimama mahakamani, akisimulia habari za wajumbe 6 waliotumwa pande zote kutafuta mema wakarudi na kufungwa. Mwisho wa maneno yake wafungwa wanaachiliwa. Hiyo nayo ni nchi ya kubuni, nayo pia ina safari za hatari. Ila safari za wajumbe wale zina uzito kwa sababu kila mmoja anaporudi nyumbani, nchi humfanya jambo. Skyrim hufanyi jambo na haikufanyi jambo. Walinzi wa mji wataendelea kukutania juu ya andazi lililoibwa hata baada ya kuiokoa dunia.

Muhula wa tatu ulipoanza niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili zoezi la hotuba. Niliwaelezea Windhelm, bila mashine, kwa chaki ubaoni: lango, mtaa wa wakimbizi, gati. Wavulana watatu waliujua mchezo, wakanisahihisha pale nilipokosea majina. Niliwaambia kila mmoja aandike maneno ambayo mchezo haumruhusu shujaa kuyasema mbele ya jarl. Nyingi zilikuwa hotuba za kawaida, za "mabibi na mabwana" na methali tano katika aya ya kwanza. Wawili walimtishia jarl kumpigia kelele. Msichana mmoja, ambaye hajawahi kuugusa mchezo huo kwa kuwa kwao hakuna runinga, aliandika kama mpakuzi wa gatini. Hakuomba huruma. Alisema: samaki huingia lango hili kila asubuhi na haulizwi ametoka wapi; mimi niliyembeba ndiye ninayerudishwa. Nilimwuliza mfano huo aliutoa wapi. Akanijibu kwamba baba yake huchonga mawe machimboni, na mawe hayo hujenga majumba ambayo baba yake, akifika kuomba kazi ya bustani, huambiwa na bawabu asimame nje.

Mwalimu mkuu alikuwa ameniomba niandike barua kwa wazazi juu ya hatari ya michezo ya video. Nimeiandika. Nimewaomba wazuie mchezo siku za shule baada ya saa tatu usiku, kwa kuwa usingizi ni haki ya mtoto. Nimewaomba pia, mara moja kwa wiki, waketi kando ya mtoto na kumwuliza nchi ile inatawaliwa na nani, nani amefungiwa nje, na yeye amefanya nini juu ya hilo. Wenzangu wawili wameona kwamba ombi la pili ni anasa. Huenda kwa mzazi anayeshuka matatu saa nne usiku ni anasa kweli, na hapo kazi inarudi kwetu. Kwa walimu wa chama cha Kiswahili nina pendekezo jingine: tangu Februari 2012 watengenezaji walitoa bure kifaa cha kuubadilisha mchezo huu kwenye tarakilishi, na wapenzi wake duniani wamekwisha kuutafsiri kwa lugha ambazo kampuni haikuzijali. Kimoja tu cha vile vitabu vilivyomo ndani, kikitafsiriwa na darasa zima kwa muhula mmoja, kingewafunza tafsiri kuliko orodha ya kanuni ubaoni.

Kidato cha pili nacho kimeshapewa zoezi la pili, jibu la jarl. Kuna daftari 43 mezani pangu, na hadi sasa nimesahihisha 11. Katika 11 hizo, jarl amekubali mara 3.